Maziwa ya Jioni

Kwetu Lufingo tulikuwa na ng'ombe wa maziwa, na mdogo wangu alilazwa hospitali kwa utapiamlo. Nianze na hilo, maana ndilo lililonirudia juzi jioni niliposhuka kwenye gari na kukuta dumu la maziwa limesimama peke yake kwenye ukungu, palepale kando ya barabara tulipoliweka zamani, likisubiri mnunuzi.

Zamani maziwa ya asubuhi yaliuzwa Tukuyu. Ya jioni bibi aliyakamua mwenyewe, akayagandisha kwenye kibuyu nyuma ya mlango. "Maziwa ya jioni hayavuki kizingiti," alisema. Aliyejifungua alitangulia, akiyala na ndizi za moto zilizopondwa na maharage. Mtoto akiachishwa ziwa, kibuyu kikawa chake. Sisi wengine tuliramba kifuniko, na ule uchachu wenye moshi bado uko kwenye ulimi wangu.

Kisha biashara ya maziwa ikafunguliwa kwa kila mtu, wanunuzi binafsi wakapanda milima yetu na pikapu, wakitaka ya asubuhi na ya jioni. Bibi alikuwa amehamia Kisiba kumuuguza shangazi. Baba alitaka nyumba ya bati. "Paa likiisha tutakunywa," alituambia. Mama, aliyekuwa akimnyonyesha mdogo wangu, alikula ndizi kwa chumvi. Kibuyu kikakauka.

Siku za kupima watoto mama alimshindilia mdogo wangu uji mzito tangu alfajiri, ili mizani isimwaibishe yeye, mke wa mwenye ng'ombe. Lakini siku moja muuguzi alimbonyeza mguu uliovimba kwa kidole gumba, na shimo likabaki.

"Mama, nyumbani mna ng'ombe?"

"Tunaye."

"Maziwa anakunywa nani?"

"Barabara ndiyo inayoyanywa!" akadakia jirani yetu kutoka kwenye benchi. "Huioni ilivyonenepa?" Wanawake wakacheka. Mama akaufunika ule mguu kwa khanga.

Mdogo wangu alilazwa siku hiyo hiyo, mama akabaki naye. Nyumba ikabaki na baba na mimi, na mvua ya Rungwe isiyojua kuchoka. Nilimenya ndizi, nikapika, tukala. Kisha nikabeba dumu hadi barabarani, maana gari la mnunuzi lilikuwa halijakoma kuja. Niliporudi hakukuwa na mtoto wa kulia. Sikujua kwamba kilio cha mtoto huweza kutamaniwa.

Bibi alipopata habari alikuja kwa miguu. Hakuketi. Alichukua maziwa ya jioni mikononi mwangu, akamgeukia baba.

"Gwe, wewe mwanangu, paa hili unamwezekea nani?"

Kule barabarani gari lilipiga honi, likapiga tena, likaondoka. Kesho yake bibi alibeba maziwa hadi hospitali, na kila siku baada ya hapo, mpaka mdogo wangu aliporudi akilia kwa nguvu zake zote.

Bibi hayupo sasa, wala baba, wala mama. Kibuyu hakuna anayejua kilikwenda wapi. Nyumba ya bati ni ya mdogo wangu, na mkewe ananyonyesha. Juzi nilimuuliza mdogo wangu kuhusu lile dumu.

"Dada, ya jioni ndiyo yenye bei," alisema, akicheka kama baba.

"Na mtoto mmempima?"

Mkewe alivuta khanga, akaifunika miguu ya mtoto.

"Wiki ijayo," alisema.