Bethoc, Aliyemnyonyesha Mfalme

Mama yangu Bethoc alikamua ng'ombe, akaoka mikate ya shayiri, na kucheka alicheka kwa nadra. Lakini maziwa alikuwa nayo, ndiyo maana bwana wa bonde letu alimletea mwanawe Ferchar akiwa kichanga. Kwetu watoto wa mabwana hulelewa na watu wa chini, na walionyonya ziwa moja ni ndugu kushinda wa tumbo moja. Kushoto alinyonya Ferchar, kulia kaka yangu Kessog.

Mfalme alipokufa bila mtoto, wenye haki ya kumrithi walibaki wawili: Ferchar, na Edulf wa pwani. Wengine walitaka mfalme wa kusini aje aamue. Wengine wakasema huyo akishaingia hatoki. Mwisho mabwana wakapatana: watakutana wenyewe Scone baada ya mavuno, na kabla ya hapo hakuna atakayekalia Jiwe la kutawazia wafalme lililo huko. Kila upande utoe ndugu akae mikononi mwa mwenzake. Atakayevunja neno, ndugu yake atanyongwa.

Ferchar hakuwa na ndugu wa tumbo. Alikuja kwetu, akapiga magoti penye moto.

"Mama, niazime Kessog."

"Kessog si jembe."

"Kila mtu anajua ni ndugu yangu. Edulf amemtoa mpwa wake. Mimi nina nani?"

Kessog akacheka, mdomo umejaa mkate. "Mama, niache nikanenepe. Kwa Edulf wanakula nyama hata siku za kazi."

Mama alimkazia macho Ferchar. "Utangoja mavuno?"

"Naapa kwa ziwa nililonyonya."

Kiapo kikubwa kuliko hicho hatuna. Kessog akaenda.

Shayiri ilikuwa bado mbichi mchuuzi wa chumvi alipopita akisema Ferchar anapanda kilima cha Scone kukalia Jiwe. Mama aliacha uji motoni. Tulitembea mvua inatupiga, mimi nambembeleza ale, yeye ananiambia nifunge mdomo.

Tulimkuta kilimani, hajakaa bado. Askari akamzuia mama. "We bibi, sadaka ni baadaye."

"Sadaka mpe mama yako. Ferchar!"

Aligeuka.

"Mwanangu, usikae. Mrudishe Kessog kwanza, halafu ukae mpaka uote mizizi."

"Mama, Edulf ametuma watu wamwite mfalme wa kusini. Nikingoja, hakutakuwa na kiti cha kukalia. Na Kessog hatamgusa, mpwa wake ninaye mimi."

"Uliapa kwa ziwa langu."

"Nitakulipa, mama," akasema, akakaa.

Mzee wa nasaba akaanza kutaja mababa zake, huyu mwana wa huyu, mpaka wa kale kabisa. Aliyemnyonyesha hakutajwa.

Edulf alimnyonga Kessog. Ferchar akamnyonga yule mpwa, kijana nisiyemjua, ambaye naye alikuwa na mama. Edulf akakimbia, mfalme wa kusini akabaki kwake, na hadi leo watu wanasema bila Ferchar tungekuwa watumwa. Labda. Siwezi kuapa kwamba wanadanganya.

Alituletea kundi la ng'ombe weupe. Mama aliwaswaga mpaka wakavuka mto. Majirani walimwita mwehu, kisha wakawakamata wakawakamua.

Mwaka uliofuata malkia akajifungua mwana. Mimi nami nilikuwa nimezaa. Mjumbe akaja na yaya, na mtoto amefungwa manyoya.

"Mfalme anasema mwanawe alelewe hapa hapa. Heshima hiyo, mama. Ndiyo malipo yako."

Mtoto alikuwa analia njaa. Maziwa yalinitoka yenyewe, yakalowesha nguo. Mama aliona.

"Mwambie Ferchar amlaze kwenye Jiwe lake, anyonye hilo."

Akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo mpaka kilio kikapotelea bondeni.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na jina la Ferchar hakulitia kinywani tena. Mtoto yule ndiye anayetawala sasa. Watu wa hapa wananicheka, eti ningekuwa mama wa mfalme. Mama wa mfalme nilikuwa naye nyumbani. Niliona alichopata.