Kikompyuta cha Mpima Ardhi

Mpima ardhi mstaafu hunywa chai kibandani kwangu, hapa Misugusugu, kila siku saa nne asubuhi. Kabla hajagusa kikombe hutoa kikompyuta chake cha mkononi, cha zamani. Kalamu yake ya kugusia kioo ilishapotea, hivyo hukigonga kwa njiti ya kiberiti, halafu hukielekeza kwenye kiti kitupu mbele yake na kungoja. Chai inapoa, nami sipendi chai yangu ipoe. Jana nikamuuliza anangoja nini.

“Vilikuwa viwili ofisini, hiki na cha mwenzangu Hussen. Ukivielekeza uso kwa uso, ujumbe unavuka kutoka kimoja hadi kingine.”

“Na Hussen yuko wapi siku hizi, mzee?”

“Tulimzika kule Msimbu, mwaka juzi.”

Nikachungulia kioo. Kilikuwa kimeandikwa: Twende chai. Chini yake palionyesha kuwa kikompyuta bado kinatafuta mwenzake.