Fundi Redio wa Chumba cha Sita

Katika makao yale ya wazee, wafanyakazi walimwita Sista. Wazee wenyewe walimwita Mama Maswali. Kazi hiyo hakuiomba. Alipewa kwa sababu sauti yake ilikuwa ya chini na hakuwa mtu wa papara: kukaa na kila mzee na watu wake, kuuliza jambo ambalo hakuna anayependa kuulizwa. Ukizidiwa, tukupeleke hospitali, au tukutunze hapa hapa mpaka mwisho?

Wengine walijibu kwa utani. Mwalimu mstaafu mmoja alimwambia, "Kwanza niitieni msusi. Siwezi kwenda kuonana na marehemu mume wangu na kichwa hiki." Wengine waligeukia ukutani.

Fundi redio wa chumba cha sita hakugeuka.

"Andika, mwanangu. Nisipelekwe kokote, nisitiwe mirija. Redio ikishafika mahali, ukizidi kuifunguafungua unaichakaza tu."

"Nimekusikia, baba."

Lakini utaratibu ulitaka ndugu awepo ndipo fomu ijazwe, na binti yake wa pekee aliahidi kuja Jumamosi. Sista akaitia karatasi kwenye droo. Ijumaa alikuwa mapumzikoni. Asubuhi hiyo Fundi akabanwa pumzi, na muuguzi wa zamu, kwa kuwa faili halikuwa na neno lolote, akafanya alichofundishwa: akaita gari la wagonjwa. Fundi aliishi siku nne kwenye mashine, mikono imefungwa kitandani asije akaing'oa mirija. Akafia huko.

Hakuna aliyemlaumu Sista, na hilo ndilo lililomtafuna. Kila alipopita chumba cha sita alisikia kikohozi cha Fundi, kikavu, mara mbili, hata baada ya kitanda kupewa mzee mwingine ambaye hakohoi kabisa. Akaanza kuzungukia jikoni ili asipite pale. Nyumbani ilibidi mumewe amsemeshe mara tatu ndipo aitike.

Wiki ya tatu binti akaja kuchukua vitu vya baba yake: koti, kisanduku cha bisibisi, redio isiyo na mfuniko. Sista angeweza kumpa pole na kumsindikiza hadi getini. Badala yake akamwingiza ofisini, akafunga mlango.

"Keti, dada. Baba aliniambia asipelekwe hospitali. Aliniambia waziwazi. Sikuandika, nilikuwa nakungoja wewe."

Binti akakumbatia kisanduku mapajani. Sista akajiandaa kutukanwa.

"Hata mimi aliniambia," binti akasema. "Kwenye simu. Nikamjibu, baba, acha kujitakia mikosi. Na Jumamosi ile sikuwa na nia ya kuja. Nilikuwa naikimbia hiyo karatasi yako. Kule hospitali hakuweza kusema. Alinikazia macho tu. Mpaka leo ananitazama."

Wakalia, kila mmoja kivyake, meza ikiwa katikati.

Siku hizi Sista huandika hapo hapo, mbele ya mzee, na familia huipigia simu kabla hajainuka kitini. Wapo wanaoudhika. Mtoto wa mzee mmoja aliwahi kumwita mchawi.

Binti wa Fundi naye humpigia mara moja moja. Hawana la maana la kuzungumza. Huulizana hali, kisha hubaki kwenye simu kidogo, mpaka mmoja akate.