Memory card iliyofichwa kwenye chumvi, simu zote zikasema "format"

Wakuu, salaam kutoka Goma. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, na sina sababu ya kuyatia nakshi.

Nina kibanda Majengo. Natengeneza simu, najazia watu nyimbo kwenye memory card. Pembeni nacheza na zile board ndogo za microcontroller, ambazo mke wangu anaziita takataka zenye waya.

Kuna mama alikuja kutoka kambi ya Kanyaruchinya. Tumwite Mama Riziki. Walipokimbia Masisi, binti yake Riziki, wa miaka kama minne, alipotea kwenye msongamano wa watu. Wale wanaotafuta watoto waliopotezana na wazazi walimwambia alete picha. Picha ilikuwa kwenye kadi, na kadi haifunguki.

"Papa, sura ya mutoto wangu iko mu hii carte. Simu yote inakatala."

Nikaitazama. Miguu ya shaba imeliwa, ina ukungu wa kijani. Nikamuuliza aliiweka wapi.

"Mu chumvi. Ku barrière banakamataka simu, lakini chumvi habagusake."

Hapo wa mbali mnielewe: barrière ni kizuizi cha barabarani cha wenye silaha. Huku mtu akikimbia, anachomoa kadi, simu anaiacha iende. Chumvi ya kupikia hakuna mwenye bunduki anayeitaka. Akili nzuri kabisa, ila mvua iliwanyeshea njiani, na chumvi ikilowa inakula chuma.

Nikaweka kwenye simu, kwenye reader ya laptop: zote zikasema format, yaani kadi ifutwe yote ianze upya. Fundi aliyempelekea kabla yangu alitaka kubonyeza OK, mama akamnyang'anya. Mungu ambariki huyo mama. Mafundi wa kubonyeza OK wananikera kuliko giza la kukatika umeme.

Sasa niwaeleze kidogo. Simu inasoma kadi kwa nyaya nne za data kwa pamoja. Waya mmoja ukifa, simu inakata tamaa. Lakini kadi nyingi zina njia nyingine ya zamani, SPI, inayotoa data kwa waya mmoja tu, polepole. Miguu miwili ya data ilikuwa imekwisha. Ile ambayo SPI inaihitaji ilikuwa bado ipo.

Nikasafisha kwa ufutio wa shule na spiriti. Nikalehemu nyaya kwenye adapta, nikaunga na board yangu iliyopitia mpakani Bunagana ikitokea Kampala. Volti tatu na nukta tatu wakuu, msije mkaipa tano mkaua kadi ya watu. Kutoka board kwenda laptop ni serial ya kawaida, kwa waya wa USB.

Code inaiamsha kadi, na kadi ikiwa hai inajibu 01. Mimi nilipata FF FF FF, yaani hakuna mtu nyumbani.

Nikafupisha nyaya, nikashusha spidi. FF. Nikashusha tena.

01.

Nilipiga kelele, mama akashtuka akasimama. Nikamwambia akae, kadi iko hai.

Ikaanza kutoa data kipande kwa kipande. Picha ya kwanza ikafunguka kuanzia juu: bati la nyumba, kilemba, paji la uso wa mama mwenyewe. Kisha kijivu mpaka chini.

"Mutoto iko pa chini," akasema. "Nilikuwa nimemupakata."

Nikajaribu kutwa nzima. Picha nyingine zikatoka vipande tu, hakuna yenye mtoto. Niliumia, kusema kweli. Kitu pekee kilichotoka kizima ni faili dogo la sauti. Nilitaka kuliruka kwa sababu tulitafuta picha.

"Weka, nisikie," mama akasema.

Ni sauti ya mumewe, aliyekufa vitani. Anamwita ng'ombe wao arudi nyumbani: "Gaju, taha!" Kisha mtoto anacheka, naye anaita vilevile. Mama alicheka, halafu akalia.

Basi tukawatumia wale watafutaji sauti badala ya picha. Watoto wamesambaa kwenye familia za watu, na mama asingeweza kuzizunguka zote. Dada mmoja wa kazi hiyo akawa anaicheza kwenye simu kila nyumba anayopita.

Nyumba moja ya mfanyabiashara Bunagana ilikuwa na mtoto waliyemwokota barabarani, asiyesema jina lake. Wenyeji walishampa jingine. Dada alipocheza ile sauti, mtoto hakuangalia simu. Aliinuka akaenda mlangoni, akatazama nje, akaita: "Gaju, taha!"

Alikuwa Riziki. Mama yake alipofika, mtoto alimrukia kabla hajaitwa.

Nilichojifunza ni hiki: kadi ikikuomba format, usikubali mpaka umejaribu njia ya polepole. Na usichague wewe faili lipi lina maana kwa mwenye kadi.

Wenye uzoefu wa kuokoa picha zilizokatika, hasa wa SPI, karibuni hapa chini. Zile nusu bado ninazo, na mama anazitaka.

Sauti nilimwekea kwenye kadi mpya. Alikuja kuichukua na Riziki mgongoni. Akatoa fundo la chumvi kwenye kitenge, akaanza kulifungua.

Sikubishana naye. Barrière bado zipo. Nilikata kipande cha nailoni, nikaizungushia kadi mara kadhaa, nikamrudishia aifiche.