Landrova Iliyovuliwa Kofia

Utotoni kule Kidete tulikuwa tunaipungia treni mkono, mpaka siku moja abiria mmoja akanipungia na yeye. Nilishinda nacheka peke yangu. Tangu hapo nikatamani siku moja nipite mimi, watu wasimame.

Basi mwaka jana, mzee mzima, nimesharudi kutoka kwenye mkonge Tanga, niliaga naenda Morogoro kumwona kaka yangu aliyelazwa. Nilipofika Mikumi nikaikuta Landrova ya zamani inauzwa. Nikainunua, nikageuza nayo kurudi Kilosa. Kaka nitamwona kesho, nikajisemea.

Nilipopita kijiji cha Zombo, watu wakasimama, wanaume wakavua kofia. Heshima iliyoje! Nikapiga honi, nikapunga mkono. Pikipiki zikanifuata polepole, na mimi mjinga nikapunguza mwendo wanifaidi.

Nyumbani nikapokelewa kwa vilio. Shemeji, mke wa kaka, kajitupa chini. Jirani akafungua mlango wa nyuma wa gari, akakuta tairi la akiba tu.

"Mzee, hukujua? Gari hili ndilo lililokuwa linatuletea maiti kutoka hospitali."

Shemeji akainua uso wenye vumbi. "Kwa hiyo mume wangu yuko hai?"

"Sijui, shemeji. Sikufika."

Nikaweka funguo juu ya boneti, nikaondoka kwa miguu. Pale nyumbani sijarudi mpaka leo.