Kahawa Iliyobaki Kwenye Kopo

Mara ya mwisho mke wangu kukaanga kahawa ilikuwa Jumamosi, uani, kwenye kikaango cheusi alichozoea kukaangia karanga. Alikoroga kwa mwiko bila kupumzika, moshi ukimwingia machoni, akaimwaga kwenye ungo ipoe, halafu akaijaza kwenye kopo la maziwa ya unga. Siku tuliyomzika, kopo lilikuwa karibu limejaa bado.

Alikuwa na kibanda cha chai karibu na maofisi, hapa Dodoma. Vijana wa ofisini, wengi wao wamehamia kutoka Dar es Salaam, walianza kumwuliza, "Mama, espreso huna?" Akarudi nyumbani kuniuliza hiyo espreso ni mkate wa namna gani. Sikujua. Binti yetu aliyeko Dar alicheka sana kwenye simu, na baada ya muda akatuma kwa basi mashine ndogo ya kutengenezea kahawa, mpya, imeviringishwa blanketi ndani ya boksi. Mke wangu akasema haitaenda kibandani mpaka aimudu kwanza nyumbani. Hakutaka kujifunzia kwenye vinywa vya wateja.

Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya lugha ngeni, kwa hiyo binti akatueleza kwa simu. Kahawa isagwe laini lakini isiwe vumbi. Ishindiliwe kwenye kile kikombe cha chuma chenye mpini na vitundu chini. Halafu itoke polepole, kwa nusu dakika hivi. Jikoni hatuna saa. Mke wangu akaamua atasali Baba Yetu. Kahawa ikiisha kutoka kabla hajafika katikati ya sala, basi imesagwa chenga. Akifika Amina na haijaanza kudondoka, imesagwa laini mno. Yeye alisali taratibu, kila neno alilipa nafasi yake. Mimi husali haraka tangu utoto, na kanisani alikuwa akinikanyaga mguu nikimtangulia.

Kesho yake, baada ya ile Jumamosi, tulipotoka kanisani mashine ikakubali. Kahawa ilitoka nyembamba kama uzi, rangi ya udongo wetu wa hapa, povu zito likakaa juu. Aliposema Amina, tone la mwisho likadondoka. Alipiga vigelegele peke yake jikoni. Akanipa mimi ninywe. Nasema ukweli, sikuipenda. Ilikuwa chungu, ilikuwa kidogo, na nilitamani chai.

Nikamwambia, "Hii watalipa wao. Mimi sitoi hata senti."

"Wewe umezoea maji ya kisima," akanijibu. "Ulimi wako una kutu."

Wiki hiyo hiyo alipelekwa hospitali, na hakurudi.

Jirani yetu hapa Chang'ombe ya Dodoma ni mama wa Kinyamwezi, mtani wetu sisi Wagogo. Ndiye aliyekuwa akipika chapati za kibandani, na yeye na mke wangu walikuwa wakitukanana kutwa nzima kwa mapenzi. Kwa desturi yetu mtani ana ruhusa msibani ambayo mwingine hana. Siku ya maziko alivaa aproni ya marehemu, akapita katikati ya waombolezaji akiigiza sauti yake: "Nani huyu ametia sukari vijiko vinne? Baba yake ana kiwanda?" Watu walicheka huku wanalia. Jembe la kaburini nalo alilikalia, akakataa kuinuka mpaka wajomba walipomkomboa kwa kuku. Mtani akishateka kitu, unakomboa. Huwezi kumkasirikia. Ukimkasirikia, watu wanakushangaa wewe.

Wageni walipotawanyika na binti yetu akarudi kazini, niliiwasha ile mashine. Nilitaka kikombe kimoja tu, kama kile cha Jumapili, kwa kahawa ile ile aliyoikaanga yeye. Kama sikukipenda mara ya kwanza, safari hii ningekinywa vizuri. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu, wala sikuwa na lingine.

Nikasaga kama alivyosaga, nikashindilia, nikabonyeza, nikaanza kusali kwa mwendo wake. Sikuwa nimefika hata kwenye riziki, kahawa ikawa imeshakwisha kutoka. Ilikuwa nyepesi kama maji ya kusuuzia sufuria. Haikuwa na povu. Nikaionja, nikahisi ladha ya boksi la karatasi.

Kazi yangu ni fundi wa pampu za maji. Shule nimeishia darasa la saba, lakini pampu nimezifungua nyingi, Mpwapwa yote na Kondoa mpaka Kolo, na mashine hii nayo ndani ni pampu. Nikasema hapa sishindwi. Kwanza nikalaumu maji. Maji yetu yana chumvi, kila birika la Dodoma lina ukoko mweupe. Nikapitisha siki ndani ya mashine, nikaisuuza, nikatumia maji ya dukani. Kahawa ikatoka vile vile. Nikalaumu mpira unaoziba pale kikombe cha chuma kinapofungwa, nikautoa, nikaukagua kwenye mwanga. Mzima. Nikasikiliza mlio wa pampu kama ninavyosikiliza pampu ya kijiji. Mlio ulikuwa mzuri. Nikasaga laini zaidi, ikaziba kabisa, ikatoa matone machungu ya kuunguza koo. Nikaisaga chenga kidogo, ikarudi kukimbia.

Kila jaribio lilikula kahawa ya kwenye kopo. Hilo ndilo lililokuwa likinitesa. Kwenye pampu ya kijiji unaweza kujaribu mpaka jioni, maji hayana mwisho. Hapa kila nilipokosea nilikuwa nimetupa sehemu ya kazi ya mikono yake, na hakuna wa kuniongezea. Nikaanza kupitisha siku bila kujaribu, ili ibaki. Siku hizo nilikuwa nafungua kopo tu, nanusa, nafunga. Asubuhi nikiamka, jioni nikirudi, na usiku kabla ya kulala pia.

Binti alipiga simu nikamweleza shida yangu. Akauliza maji, akauliza mpira, nikajibu yote. Halafu akauliza, "Baba, hiyo kahawa yenyewe ni ya lini?"

Nikamwambia mtandao unakatakata. Haukuwa unakatakata.

Mvua zilikuja, mahindi ya majirani yakapanda mpaka kiunoni, na kwenye kopo ikabaki ya kufunika chini tu. Asubuhi moja mtani, aliyebaki na kibanda, alipita kuchukua sufuria kubwa la kibandani, akanikuta jikoni nimeinamia mashine na bisibisi mkononi.

"Hodi kwa mganga! Leo unapasua nini?"

"Pita, mtani. Kuna kahawa hapo, onja."

Alionja. Akaenda mlangoni akatema uani.

"Mgogo na kahawa wapi na wapi? Rudi kwenye mlenda wako."

"Na nyie wapagazi mlipita hapa na mizigo kichwani, mkanywa maji yetu mkaondoka bila kushukuru. Leo unachagua?"

"Hayo maji yalikuwa matamu kuliko hii." Aliweka kikombe chini, akalivuta kopo, akalifungua na kunusa. Akanusa tena. Uso wake ukabadilika, lakini akaendelea kwa sauti ya utani. "Sasa fundi, unatibu mashine na mashine haiumwi. Kilichokufa ni hiki. Kahawa hii imekufa siku nyingi, unaifufua kila asubuhi."

Hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kuniambia neno hilo nyumbani kwangu. Nilitaka kumfukuza.

"Nipe kopo," nikasema.

Akaliingiza chini ya khanga. "Nimeliteka. Utalikomboa."

"Sema unataka nini nikupe uende."

"Pesa yako sitaki, na kuku wako wamekonda. Nataka kikombe kimoja cha kahawa kinachonyweka, kama kile alichonisimulia mama mwenye nyumba. Siku ukikitoa, kopo lako hili hapa. Na usije kugonga mlango wangu mikono mitupu."

Akabeba sufuria lake na kopo langu akaenda.

Sikuongea naye siku hizo. Nikimwona njiani nageuza baiskeli. Jikoni palikuwa pamebaki duara safi pale kopo lilipokuwa likikaa, na mkono ulikuwa ukienda hapo wenyewe nikiamka. Nilikuwa najua alichosema ni kweli. Nilikuwa nimejua tangu binti aliponiuliza. Lakini kama kosa lingekuwa la mashine, ningeweza kulitengeneza, na kile kikombe kingerudi. Kama kosa ni la kahawa, basi hakirudi. Na mwenye kuimaliza nguvu yake ni mimi, kwa kufungua na kufunga, nikiitoa harufu kidogo kidogo niivute.

Jumamosi nikaenda sokoni Majengo, kwa muuzaji yule yule aliyekuwa akimwuzia mke wangu buni mbichi. Alinipa pole, akanipimia. Nikawasha mkaa uani na kuchukua kile kikaango cheusi. Mkupuo wa kwanza niliunguza, nikaumwaga. Wa pili nikakoroga bila kuacha, mpaka punje zikaanza kupasuka kwa mlio na moshi ukanipanda usoni. Harufu ilipoenea uani niligeuka kutazama mlango wa jikoni. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia alete ungo. Nikauleta mwenyewe.

Nikaiacha ipumzike kama yeye alivyoiacha, na kesho yake baada ya kanisa nikasaga. Mashine sikuigusa popote. Nikabonyeza, nikaanza kusali kwa mwendo wake, neno kwa neno. Uzi ukashuka, rangi ya udongo, povu likatanda. Niliposema Amina ikawa imekwisha.

Niliibeba na sahani kuvuka njia mpaka kwake, nikitembea taratibu isimwagike. Alikuwa anachambua mchicha barazani. Alinitazama, akatazama kikombe, akafuta mikono. Alikunywa yote bila kukiondoa mdomoni. Nikangoja anitukane. Alikaa na kikombe kitupu mapajani, machozi yakimtoka, akajifuta kwa pindo la khanga.

"Ni chungu," akasema baadaye.

"Ndivyo ilivyo."

"Yeye alinidanganya eti ni tamu."

Akaingia ndani akatoka na kopo. Mfuniko alikuwa ameuzungushia plasta ya kufungia maboksi, mizunguko mingi. "Limebaki kama nilivyolichukua," akasema. "Sasa ukitaka kunusa, utatafuta kisu kwanza."

Nimelirudisha mahali pake, juu ya lile duara. Kahawa iliyomo inatosha kikombe kimoja. Sitakitengeneza, maana najua sasa kitakavyokuwa. Plasta sijaikata.

Mashine ipo kibandani siku hizi na mtani ndiye anayeiendesha, akiwatukana vijana wa ofisini wakikosa chenji. Jumapili anairudisha nyumbani, nami najitengenezea kikombe kimoja. Nimeanza kuizoea ile ladha. Nilijaribu kuendelea kusali kwa mwendo wake, nikaona sifiki nao kila mara. Nikisahau kidogo ulimi unarudi kwenye haraka yangu ya zamani. Basi Amina yangu inafika mapema, kahawa inakuwa bado inatoka, na nabaki nimesimama mbele ya mashine kimya, naingoja imalize.