Fedha Inayomjua Adui

Kaka yangu Yaqoob anauza magari mtaa wa Wattaya, na akirudi nyumbani kwetu Al Khoudh anaandika hadithi za falme ambazo hazipo. Ana miaka arobaini na tatu, hana mke, na kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana hutusomea sura mpya, mimi na mama yetu Bi Masouda, tupende tusipende. Mimi husinzia. Mama hasinzii hata kidogo.

Fahari ya Yaqoob ni kwamba kila metali ya kichawi kitabuni mwake ameitoa kwenye kemia ya kweli. Upanga unaoyeyuka kiganjani mwa mwizi ni galiamu, ambayo joto la mkono linatosha kuiyeyusha. Taji lililopindwa, ambalo likitiwa maji ya moto hurudia umbo lake lenyewe, ni mchanganyiko wa nikeli na titani. Ya tatu ni fedha ya mlinzi, inayogeuka nyeusi adui akiingia nyumbani. Fedha huwa nyeusi ikikutana na salfa, lakini hapo Yaqoob alikusudia kutoeleza, ili msomaji naye apate cha kuogopa.

Kisha akampata Hind, mfamasia wa Madinat Sultan Qaboos. Nilifurahi mpaka nikalia, maana mimi nilishakata tamaa naye. Siku Hind na mama yake walipokuja kula kwetu, mama alivaa bangili yake ya fedha aliyokuja nayo kutoka Unguja, kaisugua kwa majivu na ndimu mpaka imeng'aa. Watu walikula, wakacheka, wakafukizwa udi. Wageni walipoondoka mama akautazama mkono wake, na bangili ilikuwa nyeusi tii.

"Wallahi huyu mtoto simtaki," alisema. "Fedha imemjua."

Yaqoob alicheka, halafu akaona hakuna anayecheka naye. Akaeleza habari za salfa. Mama akamuuliza salfa hiyo humu ndani iko wapi, na kaka yangu, mwalimu wetu wa kila Ijumaa, akaanza kuitafuta. Akanusa mtungi wa gesi. Akampigia Hind kumuuliza anaogea sabuni gani, na maskini Hind alipouliza kwa nini, akababaika akakata simu. Siku moja nilimkuta kakiinamia chetezo cha udi ananusa majivu.

"Shariffa, nnajua ni salfa," aliniambia. "Lakini kama siioni ilikotoka, mie na mama tumetofautiana nini?"

Nilikasirika. Nikamwambia hajapata kutokea mtu akatunga uongo mwenyewe kisha akaukimbia mwenyewe. Lakini niseme kweli, hata mimi nilianza kuitazama picha ya Hind mara mbili mbili, nikitafuta sijui nini.

Nikambembeleza mama awaalike tena, mara moja tu. Akakubali kwa sharti kwamba bangili ataivaa, na sote tutaona. Akaisugua upya. Kisha akaingia jikoni kupika kile anachompikia kila mgeni anayemheshimu, katlesi za mayai, yai zima likivikwa kima cha nyama ya kusaga na kukaangwa. Mayai hayo huyachemsha mpaka kiini kinafanya ukingo wa kijani, na huyamenya yangali moto kwa mkono wake, hataki msaada wa mtu. Mimi nilikuwa nakata vitunguu. Nikaona mikono yake imesimama.

Bangili iliyolowa mayai ilikuwa imeshageuka rangi ya chai, na pembeni inaelekea weusi. Hind alikuwa bado yuko njiani.

Nikamwita Yaqoob. Alichukua yai, akalinusa, akacheka kama mtu aliyefunguliwa kamba. Ute wa yai una salfa, alisema, na yai likichemka sana huitoa, na fedha huidaka. Mara ya kwanza pia yalikuwa ni mayai haya haya, ila mama hakuutazama mkono wake mpaka wageni walipoondoka. Nikangoja mama naye acheke. Mama alivuta kigoda akakaa.

"Hind hajafika," alisema. "Humu ndani tumo sisi tu. Na miye ndiye nliyekuwa sitaki mwanangu aondoke."

Yaqoob akaanza tena habari za yai, polepole. Mama akamwambia amesikia, yai lina haki yake na bangili ina haki yake.

Wageni walipobisha, mama alikwenda mlangoni hajanawa. Akaivua bangili akamvisha Hind.

"Isugue wewe, mwanangu," alisema. "Miye mkono wangu umechoka."

Hind aliigeuzageuza, kidole kikachafuka. Akamuuliza Yaqoob, aliyesimama na sahani ya katlesi, imeingiwa na nini mpaka ikawa nyeusi hivi. Yaqoob akamtazama mama, akanitazama mimi, akasema hajui.